Kuingia si kukaa: namna ya kuchagua soketi kwa kila kichwa cha bolti

Bolti nyingi ninazoletewa zikiwa zimelika kichwa hazikuliwa na kutu. Ziliharibiwa katika robo ya kwanza ya mzunguko, na mtu aliyechukua soketi iliyokuwa karibu na mkono wake, akaona imeingia, akavuta.

Msimu mmoja wa mvua mzee mmoja aliniletea Corolla yake ikiwa imefungwa breki upande mmoja tu. "Fundi, vijana wamehangaika na bolti moja tangu asubuhi," akaniambia. Nikalala chini nikaangalia. Ilikuwa bolti ya kalipa, kile kifaa kinachobana pedi za breki, namba 14, yaani upana wa kichwa chake ni milimita 14, na kona zake sita zilikuwa zimeshakuwa duara kama kitufe. Nikaomba nione soketi waliyotumia. Ilikuwa ya inchi 9/16, yenye pembe kumi na mbili, mdomo umechakaa. Inchi 9/16 ni milimita 14.29. Kwa hiyo iliingia, tena kwa ulaini, na huo ulaini ndio uliowadanganya. Kazi ya kubadilisha pedi, ambayo haifiki saa moja, ikatula siku nzima, na mzee akanunua bolti mpya ambayo hakuihitaji.

Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu. Soketi, au boksi kama wengi tunavyoziita, inapaswa kukaa kwenye kichwa cha bolti, na kukaa ni tofauti na kuingia. Fuata hatua hizi kwa mpangilio, hasa kama bado unajifunza kazi.

Hatua ya 1: Safisha kichwa mpaka ukione

Usichague soketi kwa kubahatisha kupitia tope. Piga brashi ya waya, futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, mulika tochi. Rangi na kutu vinaongeza unene wa kichwa, na mtu akikuta soketi ya 14 haiingii anakimbilia 15 wakati alichohitaji ni brashi tu.

Kama kichwa ni cha shimo, chokoa shimo mpaka chini kwa bisibisi nyembamba au msumari. Tope likijaa nusu, biti, yaani ncha ya chuma inayoingia shimoni, inashika milimita mbili za juu badala ya kina chote, na hizo milimita mbili hazitahimili mvuto. Ukimaliza kuchokoa, ingiza biti na uigonge kidogo kwa nyundo. Ukisikia mlio umebadilika kutoka mzito kuwa mkavu, imefika chini.

Sisi wa pwani tuna kazi ya ziada. Upepo wa bahari Tanga, Mombasa na Unguja unakula bolti za chini ya gari, na baadhi ya magari yanayotoka Japani yametembea mikoa ya kaskazini ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Bolti ya namna hiyo ipake mafuta ya kupenya kutu jioni, uifungue kesho yake. Kama haraka imekubana, ipe angalau muda wa kunywa chai.

Hatua ya 2: Tambua umbo la kichwa

Hapa ndipo makosa makubwa hufanyika, kwa hiyo usipite haraka.

Pembe sita za nje ndicho kichwa cha kawaida, na kwenye gari la Kijapani utakutana nacho kwenye bolti karibu zote. Hesabu pande kwa kidole kama kuna giza.

Pembe kumi na mbili za nje huonekana kama ua dogo, mara nyingi lenye kola pana chini yake. Utakikuta kwenye bolti za konrodi za baadhi ya injini, na kwenye nati ya ekseli ya mbele ya Toyota nyingi zinazovutwa na magurudumu ya mbele: namba 30, pembe kumi na mbili. Soketi ya pembe sita haiingii hapo kabisa, hata ukiipiga nyundo. Ukiona haiingii, usiwaze kwamba umekosea namba. Umekosea umbo.

Mraba haupatikani sana, lakini ukikutana nao bila kujiandaa utahangaika. Kwenye gia boksi za Honda nyingi, plagi ya kumwagia oili ina shimo la mraba la inchi 3/8. Huhitaji soketi yoyote: ekstensheni yenyewe ya inchi 3/8, ile fimbo ya kurefushia soketi, ndiyo chombo. Nimeona watu wakitoboa plagi hiyo kwa tindo huku racheti inayofaa, ule mpini wenye meno ndani unaozungusha upande mmoja tu, ikiwa mfukoni mwao. Renault nyingi nazo zina plagi ya oili ya injini yenye mraba wa milimita 8. Hiyo tafuta ufunguo wake, au mpe mchonga chuma akuchongee.

Pembe sita za ndani, zile za alenki, zina hatari moja: ufunguo wa bei rahisi hulika kona kabla ya bolti, kisha unaharibu na bolti. Ufunguo wako ukishakuwa na kona butu, usiendelee nao. Uchonge kwa mashine ya kunolea, kata milimita chache za mbele mpaka ufikie chuma chenye kona kali, au utupe. Kwa bolti iliyokazwa sana tumia biti ya alenki inayokaa kwenye racheti, maana ufunguo uliopinda unajikunja kabla nguvu haijafika chini. Namba ya kukumbuka ni 7. Kalipa za Volkswagen nyingi hufungwa kwa alenki ya 7, na seti nyingi za bei nafuu zinaruka kutoka 6 kwenda 8. Mwenye Golf akija na wewe huna 7, mwambie asubiri ukaitafute. Alenki ya 6 haitakufikisha popote.

Nyota ya ndani, Torx, ilibuniwa Marekani na kampuni ya Camcar Textron mwaka 1967. Ina vidole sita vya mviringo, na inabeba nguvu vizuri kuliko alenki kwa sababu kuta zake zinasukumwa karibu moja kwa moja, hazitelezi kwenda nje. Lakini namba zake, T20, T25, T30, si milimita. T25 ina upana wa karibu milimita 4.5, T27 karibu 5, T30 karibu 5.5. Tofauti ni nusu milimita tu, na T27 inaingia kwenye shimo la T30 bila kelele yoyote kisha inalikata. Kama katikati ya nyota kuna kijinunda, unahitaji biti yenye tundu katikati. Usikivunje kijinunda kama biti yake inapatikana mjini.

Nyota ya nje, yenye herufi E, inapatikana sana kwenye Mercedes na BMW, hasa bolti zinazoshika gia boksi na injini. Namba zake pia si milimita: E10 ni karibu 9.4, E12 karibu 11.1, E14 karibu 12.8. Watu wanapachika soketi ya pembe kumi na mbili ya 13 juu ya E14 na mara nyingine inafungua. Bolti ikiwa rahisi, utafanikiwa. Ikiwa ngumu, utazivunja ncha za nyota ukiwa umelala chini ya gia boksi ya kilo mia. Seti ya soketi za E haina bei ya kutisha. Hata kwenye Toyota utazihitaji, kwa sababu stadi nyingi (bolti zisizo na kichwa), kwa mfano zinazoshika bomba la moshi, zina kinyota kidogo cha E kwenye ncha. Kwa kinyota hicho stadi inatoka bila kuumia nyuzi zake.

Na sasa kichwa ambacho kimeumiza mafundi wengi kuliko vyote: shimo lenye ncha kumi na mbili, linaloitwa XZN. Ni miraba mitatu iliyopishana. Volkswagen na Audi wamelitumia miaka mingi kwenye bolti za ekseli zinazoingia gia boksi, kwenye viti, na kwenye kichwa cha injini cha baadhi ya matoleo. Ukilitazama haraka linafanana na nyota, na ukiingiza biti ya T inaingia. Alenki pia inaingia. Zote mbili zinashika ncha chache tu, na bolti za ekseli hufungwa kwa nguvu kubwa. Fundi anavuta, anasikia "tak", anadhani imeachia. Kilichoachia ni ncha za shimo. Zikiharibika bolti sita za ekseli, kila moja ni lazima kuichomelea nati juu yake au kuikata kichwa kwa tindo, huku pembeni kuna buti ya mpira yenye grisi isiyopenda moto. Hesabu ncha kabla ya kuchagua. Sita zenye mviringo ni Torx. Kumi na mbili zenye makali ni XZN. Chokoa grisi yote shimoni, maana bolti za ekseli zinajaa grisi daima, kisha gonga biti mpaka chini ndipo uvute.

Hatua ya 3: Tafuta namba, na ujue mashine imetoka wapi

Asili ya mashine itakusaidia kukisia namba kabla hujagusa chochote. Bolti ile ile ya nyuzi milimita 8 ina kichwa namba 12 kwenye gari la Kijapani na namba 13 kwenye la Kijerumani. Ya milimita 10 ni 14 kwa Wajapani, ilhali kwa Wajerumani ni 17 kwenye magari ya zamani na 16 kwenye mapya. Ya milimita 12 ni 17 kwa Wajapani, na kwa Wajerumani 19 au 18. Kwa hiyo ukilala chini ya Hilux weka karibu nawe 10, 12, 14, 17 na 19. Ukilala chini ya Golf, weka 10, 13, 16, 17, 18. Ukikuta kichwa cha 13 kwenye Toyota, fikiria kwamba kuna mtu aliwahi kupita hapo akaweka bolti ya dukani.

Mashine za Kiingereza na za Kimarekani za zamani ni za inchi. Trekta aina ya Massey Ferguson 135 bado linalima, na karibu kila bolti yake ni ya inchi. Baadhi ya namba za inchi zinakaribiana na za milimita kiasi cha kutumika bila madhara: inchi 3/4 ni milimita 19.05, kwa hiyo soketi ya 19 na ya 3/4 mara nyingi hubadilishana. Inchi 5/16 ni 7.94, karibu sawa na 8. Inchi 5/8 ni 15.88, jirani wa 16. Zinazodanganya ni hizi: nusu inchi ni 12.7, kwa hiyo soketi ya 13 inaingia juu yake ikiwa na nafasi ya milimita 0.3, na nafasi hiyo inatosha kukata kona za bolti ngumu. Inchi 9/16, ile ya Corolla ya mzee, ni 14.29: ukiigeuza, yaani ukiwa na bolti ya 9/16 kwenye trekta, ya 14 haiingii na ya 15 inacheza.

Ukikutana na mashine ya Uingereza ya zamani zaidi ambayo soketi za inchi pia hazikai, huenda ni ya mfumo wa Whitworth, ulioanzishwa na Joseph Whitworth mwaka 1841. Namba iliyoandikwa kwenye spana zake ni ya unene wa bolti, si ya upana wa kichwa. Spana iliyoandikwa nusu inchi kwa mfumo huo ni kubwa kuliko nusu inchi halisi kwa mbali. Usilazimishe. Tafuta spana zake, au badilisha bolti zote kwa mara moja na uzitunze za zamani.

Kama una venia, ile rula ya chuma yenye taya za kupimia, pima kutoka bapa hadi bapa la upande wa pili, si kona hadi kona. Bolti ya 14 ina karibu milimita 16.2 kutoka kona hadi kona, na mgeni anayepima huko ataenda kutafuta soketi ya 16.

Kama huna venia, shika kanuni hii. Kwa kichwa cha nje, anza na soketi unayoona ni ndogo mno, kisha panda namba moja moja. Ya kwanza kuingia ndiyo. Kwa kichwa cha shimo fanya kinyume: anza na biti unayoona ni kubwa mno, kisha shuka. Anayeanza na kubwa kwenye bolti ya nje ataridhika na inayoingia, wala hatajua kama kulikuwa na nyingine ya kukaa vizuri zaidi.

Kisha, kabla ya kuweka mpini, ishike soketi kwa vidole na uizungushe kushoto na kulia. Inatakiwa kucheza kidogo sana, karibu usihisi. Ikicheza kama mlango uliolegea bawaba, irudishe kwenye kisanduku.

Hatua ya 4: Pembe sita au kumi na mbili

Kwa kichwa cha pembe sita, soketi ya pembe sita ndiyo chaguo langu la kwanza kwa kila bolti iliyokazwa, yenye kutu, au ambayo sijui historia yake. Bolti ya 14 ina bapa lenye urefu wa milimita 8 hivi. Soketi nzuri ya pembe sita inasukuma kwenye bapa, mbali kidogo na kona. Soketi ya pembe kumi na mbili ina kuta fupi, kwa hiyo inasukuma karibu na kona, mahali ambapo chuma ni kidogo na ndipo kutu hula kwanza. Juu ya hilo, kuta zake huchakaa mapema.

Ya pembe kumi na mbili ina faida yake. Inashika kila nyuzi 30 za duara badala ya kila 60, kwa hiyo kwenye kona iliyobanwa ambako unatumia mpini usio na racheti, inakukubalia kugeuza kidogo na kurudi. Kwenye bolti safi, mpya, zenye mkazo wa wastani, itumie bila hofu. Seti nyingi zinazouzwa Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, ni za pembe kumi na mbili, na muuzaji hatakuambia. Uliza, au geuza soketi uangalie ndani. Kama pesa inatosha seti moja tu, nunua ya pembe sita, kisha ongeza moja moja za pembe kumi na mbili kwa kazi zinazozidai, kama ile nati ya ekseli ya 30.

Hatua ya 5: Fupi au ndefu

Soketi fupi ndiyo bora kila inapofika, kwa sababu mkono wako uko karibu na bolti na soketi haielekei pembeni. Ndefu ni kwa mahali ambapo nyuzi za bolti zimetokeza juu ya nati: nati za yubolti za springi, stadi za bomba la moshi, klempu za betri. Usiweke soketi fupi kwenye nati ambayo bolti imetokeza sana. Itaegemea ncha ya bolti na kushika nati kwa milimita moja ya chini.

Angalia pia mdomo wa soketi. Nyingi zimechongwa mteremko kwa ndani ili ziingie kwa urahisi, na mteremko huo haushiki kitu. Kwenye kichwa chembamba, kwa mfano plagi ya oili ambayo imekazwa na kufunguliwa miaka ishirini, milimita mbili za mteremko ni sehemu kubwa ya kichwa chote. Nina soketi kadhaa ambazo nimezinoa mdomo kwa mashine mpaka mteremko ukaisha, zikawa bapa kama sarafu. Ni kazi ya dakika mbili na imeniokolea vichwa vingi vyembamba. Zinoe polepole, ukizichovya kwenye maji, zisipate joto la kulegeza chuma.

Hatua ya 6: Chagua mpini kulingana na soketi

Mraba wa nyuma wa soketi una ukubwa wake: robo inchi, inchi 3/8, nusu inchi, robo tatu ya inchi, na inchi moja kwa malori. Robo inchi ni kwa bolti ndogo za namba 8 na 10, ambazo mpini mkubwa utazikata bila wewe kuhisi. Bolti ya milimita 6 ya kawaida inataka Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 10 hivi tu. Inchi 3/8 inakutosha kwa kazi nyingi za injini. Nusu inchi ni ya magurudumu, chasisi na ekseli.

Usifungue nati ngumu kwa racheti. Meno yake ya ndani ni madogo. Tumia mpini mrefu usio na racheti, nati ikiachia ndipo ubadilishe. Na bomba la kurefusha mpini, ambalo kila gereji linalo pembeni ya ukuta, litumie ukijua kwamba sasa kiungo dhaifu ni soketi yako au kichwa cha bolti. Vuta kuelekea kwako, miguu imara, wala usisukume kuelekea mahali ambapo vidole vitagonga chuma.

Hatua ya 7: Nyeusi au inayong'aa

Soketi zinazong'aa ni ngumu na zimefanywa kwa matumizi ya mkono. Nyeusi zina kuta nene na chuma chenye uvumilivu wa kupigwa, na ndizo za mashine ya upepo au ya betri. Ukiweka soketi inayong'aa kwenye mashine ya kupiga, inaweza kupasuka vipande, na vipande hivyo vinaruka. Hili silijadili na mwanafunzi wangu yeyote. Soketi inayong'aa haigusi mashine, na miwani ya kukinga macho inavaliwa kabla ya kifyatuo. Nyeusi zina tundu ubavuni kwa ajili ya pini na pete ya mpira. Zifunge, la sivyo soketi itachomoka ikiwa inazunguka.

Soketi nyeusi hata kwa mkono zinafanya kazi nzuri, ila unene wake unazizuia kuingia kwenye mashimo ya rimu za aloi. Kwa hizo kuna nyeusi nyembamba zenye ganda la plastiki.

Kazi chache zenye soketi zake

Nati za magurudumu: Toyota na Nissan ndogo nyingi ni 21, Honda nyingi ni 19, Volkswagen na Mercedes ndogo nyingi ni bolti za 17, Land Rover Defender za zamani ni 27, malori makubwa mengi ni 32 au 33. Wili spana inayokuja na gari ni fupi na mdomo wake ni laini, kwa hiyo weka soketi yako ya pembe sita ya namba inayofaa pamoja na mpini mrefu kwenye buti ya gari kabla ya safari. Wakati wa kufunga, Toyota ndogo nyingi zinataka Nm 103. Kwa mpini wa sentimita 40, hiyo ni sawa na kuvuta kwa uzito wa kilo 26 tu. Anayesimama juu ya spana kwa mguu mmoja anapita hapo mbali sana, na ndiye anayekata stadi.

Plagi za cheche: 16 kwa Toyota nyingi za kawaida, 21 kwa injini za zamani, 14 kwa nyingi za kisasa, na 18 kwa pikipiki nyingi za muundo wa CG 125. Tumia soketi yenye mpira au sumaku ndani ili plagi isianguke kwenye shimo, na anza kuifunga kwa vidole ukiwa na ekstensheni peke yake.

Nati za mabomba ya breki, mara nyingi namba 10, si za soketi, maana bomba linapita katikati. Wala si za spana ya wazi ya kawaida, kwa kuwa ni laini na inashika pande mbili tu. Zina spana yake ya ringi iliyokatwa mwanya wa kupitishia bomba. Sensa ya oksijeni nayo ina soketi yake ya 22 yenye mwanya wa waya.

Hatua ya 8: Kichwa kikiwa kimeshalika

Ukianza kuhisi kuteleza, simama hapo hapo. Mvuto wa pili ndio unaomaliza kilichobaki. Usichukue spana malaya, ile yenye mdomo wa kupanua na kubana.

Tafuta soketi ya pembe sita iliyo ndogo kidogo kuliko namba halisi, uigonge kwa nyundo mpaka ikate njia yake juu ya kichwa. Hapa za inchi zinageuka kuwa rafiki: 3/8, yaani milimita 9.5, juu ya 10 iliyolika. Nusu inchi juu ya 13. 11/16, ambayo ni 17.5, juu ya 18. Kule kugonga kwenyewe kunalegeza kutu kwenye nyuzi. Tumia soketi ya zamani, kwa kuwa huenda ikahitaji kutolewa kwa vaisi. Zipo pia soketi maalumu zenye meno ya kupinda kwa ndani ambazo hujikaza kadiri unavyofungua. Ukishindwa, chomelea nati juu ya kichwa, na joto la kuchomelea litakusaidia, mradi umeondoa betri na hakuna petroli wala mpira karibu.

Bolti iliyotoka kwa njia hiyo hairudi kwenye gari. Nunua nyingine yenye namba ile ile ya ugumu iliyochorwa kichwani, 8.8 au 10.9, na nyuzi za mwendo ule ule, yaani umbali ule ule kati ya uzi na uzi. Kisha iangalie soketi uliyotumia kwenye mwanga: kama kona za ndani zimepasuka au zimepanuka, ondoa kwenye kisanduku leo, kabla mwenzako hajaichukua kesho kwa bolti ya kalipa.